Namba Chini ya Rangi ya Tatu

"Nani kakwambia ukwangue hapo?"

Msasa ulimponyoka Bisibisi mkononi ukaanguka kwenye mafuta.

Wasomaji wetu mnakumbuka tulikomwacha wiki jana. Fundi huyu wa pikipiki, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bisibisi, alikuwa kapiga magoti gerejini kwake mbele ya pikipiki kuukuu ya jeshi. Alikuwa amekwangua rangi nyeusi, akakuta kijani. Akakwangua kijani, akakuta rangi ya mchanga. Na chini ya rangi hiyo ya tatu, ubavuni mwa tangi, ikajitokeza namba nyeupe iliyomkausha mate.

Aliijua namba ile tangu utotoni. Ndiyo iliyomo kwenye picha pekee ya baba yake iliyobaki nyumbani: kijana mwenye sare, kaketi juu ya pikipiki, anacheka, goti lake limekaribia kufunika tarakimu ya mwisho. Baba huyo alikuwa tarishi wa jeshi, mpeleka ujumbe kutoka kambi hadi kambi. Kisha siku moja wakubwa zake wakatangaza kwamba katoroka na pikipiki ya serikali. Hakuonekana tena.

Na sasa mwenye pikipiki alikuwa mlangoni.

"Nauliza, nani kakwambia?"

"Shikamoo, Meja."

"Marahaba. Nijibu."

Meja mstaafu alikuwa mzee mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Tangu ailete pikipiki ile hakuwahi kuinua sauti. Leo alikuwa akigonga sakafu kwa mkongojo wake.

"Rangi ilikuwa inabambuka," Bisibisi alisema. "Nikipaka mpya juu ya mbovu, mwezi hauishi utakuja hapa kunifokea."

"Nilisema uipake kijani na uiwashe. Sikusema uichunguze."

"Uliipata wapi, Meja?"

"Mnadani. Jeshi lilikuwa linauza vyuma chakavu."

"Na hii namba?"

"Namba gani? Mimi sioni namba."

Alisema hivyo huku macho yake yako palepale kwenye namba.

"Kesho asubuhi naichukua," aliongeza. "Imekwisha haijaisha, naichukua."

Akageuka, akaondoka bila kuaga.

Bisibisi hakungoja apotee kwenye kona. Alivuka barabara mbio, akaingia kwenye kibanda cha kinyozi kilichotazamana na gereji. Kinyozi ni kaka yake mkubwa, tumbo moja.

"Njoo uone kitu."

"Huoni nina mteja?"

"Njoo, kaka. Nakuomba."

Kinyozi akaja na kitambaa begani, mashine bado inanguruma mkononi. "Nimemwacha mtu kichwa nusu," alilalamika. "Akitoka nje hivyo nitafunga duka. Haya, kuna nini?"

Bisibisi akamwonyesha tangi.

Kinyozi alizima mashine. Alitazama kwa muda. Kisha akacheka kicheko kisicho na furaha. "Tangi hilo tu. Tangi linang'olewa huku, linafungwa kule. Mimi nikivaa kofia ya askari nakuwa askari?"

"Kaka, ni namba ya baba."

"Usiniletee habari za yule bwana."

Miaka mingi hakuwa amemwita baba, na alikuwa na sababu. Ujanani alikwenda kujiandikisha jeshini. Alikuwa na kifua, alikuwa na mbio, alikuwa amefaulu kila jaribio. Siku ya mwisho ofisa mmoja alimtoa kwenye mstari mbele ya wenzake, akamuuliza jina la baba yake, kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mtoto wa mtoro hafundishwi bunduki." Tangu siku hiyo kinyozi ananyoa vichwa vya watu na hazungumzi juu ya jeshi.

"Unasema kweli," Bisibisi alijibu. "Tangi linaweza kudanganya. Lakini fremu haibadilishwi kama shati. Namba ya fremu imegongwa kwenye chuma chenyewe."

Akachukua brashi ya waya, akaichovya kwenye dizeli, akaanza kusugua shingo ya pikipiki, chini kidogo ya usukani. Rangi ikatoka vipande vipande. Tarakimu zikaanza kuonekana moja moja, zimezama ndani ya chuma.

"Utailinganisha na nini?" kinyozi aliuliza.

"Na mama."

Kinyozi alielewa. Baada ya baba kupotea, askari walikuwa wakivamia nyumba yao tena na tena. Walipindua vitanda, walimwaga maji ya mitungi, na kila walipokuja walimfokea mama, "Iko wapi pikipiki yenye fremu namba fulani?" Walimkaririsha. Mama mwenyewe husema angeweza kusahau siku ya kuzaliwa kwa wanawe, lakini si namba ile.

Bisibisi akapiga simu, akaweka sauti ya juu.

"Mama, wale askari walikuwa wanauliza pikipiki namba ngapi?"

Upande wa pili redio ikazimwa.

"Mama?"

"Kwa nini unaniuliza mambo hayo leo?"

"Nitajie tu, mama yangu."

Mama akapumua. Kisha akaanza, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani mbele yake. "Sita. Tatu. Tisa."

Kidole cha Bisibisi kilikuwa juu ya chuma. Sita. Tatu. Tisa.

"Tisa tena. Moja."

Kinyozi aliinama. Kitambaa kikamdondoka begani asijue.

"Nne," mama alisema. "Nane."

Nne. Nane.

Kinyozi akakaa chini, juu ya tairi bovu.

"Ipo hapa, mama," Bisibisi alisema. "Nimeishika kwa mkono wangu."

Walitegemea kelele. Walitegemea kilio, au laana. Mama akauliza swali moja tu.

"Ina damu?"

Simu ikakatika.

Kaka na dada wakatazamana. Mtu anaulizaje kama pikipiki ina damu?

"Mpigie tena," kinyozi alisema. Bisibisi akapiga. Mama hakupokea. Akapiga tena. Simu ilikuwa imezimwa.

"Mama anajua kitu," kinyozi alisema.

"Na hii pikipiki nayo inajua," Bisibisi akajibu, akaokota spana.

Yule mteja mwenye kichwa nusu alikuja mpaka mlangoni kulalamika, akaona nyuso zao, akarudi kimyakimya kukaa.

Waliivua kiti. Wakang'oa madigadi ya nyuma. Kila kilichotoka kilikuwa na neno lake. Kwenye injini kulikuwa na namba nyingine kabisa, na chuma chake kilikuwa kipya kuliko fremu. "Hii si injini aliyozaliwa nayo," Bisibisi alisema. "Ya kwanza ilikufa, wakampa nyingine."

Akatelezesha kiganja kwenye bomba la mbele la fremu. Mkono ukasimama. Chini ya rangi kulikuwa na uvimbe wa kuchomelea, mrefu kama kidole. Akapima na shokapu za mbele: hazikuwa za umri mmoja na fremu. Zilifungwa baadaye.

"Sema Kiswahili," kinyozi alimwambia. "Mimi najua nywele."

"Iligongwa, kaka. Uso kwa uso. Na kitu kikubwa, lori au zaidi. Pikipiki ikigongwa hivi, mwenye kuiendesha hainuki akaondoka nayo."

"Labda iligongwa baadaye. Alikoiuza."

Hilo nalo lilikuwa neno. Bisibisi akaendelea kukwangua, na chini ya kiti akakuta kibati kidogo cha shaba kimebanwa kwa ribiti mbili. Alikuwa ameviona vibati vya namna hiyo kwenye magari ya jeshi. Karakana kuu ya jeshi ikifanya matengenezo makubwa, hupigilia kibati: alama ya karakana, mwezi na mwaka. Kila chombo kinachotoka pale hubeba chake.

Akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikang'aa.

"Baba alipotea lini?"

"Mwezi wa sita," kinyozi alijibu. Kwa mtu asiyetaka habari za yule bwana, alijibu haraka sana.

"Kibati hiki ni cha mwezi wa tisa. Mwaka uleule."

Kinyozi alisimama. "Askari waliendelea kuja nyumbani baada ya mwezi wa tisa. Nakumbuka. Walikuja mpaka tukahama. Walikuwa wanauliza pikipiki iko wapi."

"Ilikuwa karakanani kwao," Bisibisi alisema. "Wanaitengeneza."

Kinyozi alitazama mikono yake, mikono iliyokataliwa bunduki kwa ajili ya wizi ambao haukuwahi kuwepo. Kisha akaokota kitambaa chake, akakikung'uta, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Asubuhi iliyofuata walipofika kufungua gereji, mama alikuwa ameshatangulia. Alikuwa kaketi kwenye ngazi ya mlango, pochi mapajani. Hawakumsalimia wala hakuwasalimia. Aliingia moja kwa moja, akaiendea pikipiki, akaweka kiganja juu ya tangi.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Mama, kwa nini uliuliza damu?"

Kabla hajajibu, pikapu ikasimama nje. Meja akashuka. Aliingia akiwa tayari na maneno mdomoni, akamwona mama, akasimama hapohapo.

Mama akageuka.

"Luteni," alisema.

"Ni Meja, mama," Bisibisi akasahihisha kwa sauti ya chini.

"Kwangu ni luteni. Alipokuwa anapindua vitanda vyangu alikuwa luteni."

Kinyozi alifika mlangoni kwa hatua kubwa, akaufunga, akaegemeza mgongo wake hapo. "Basi leo hatoki mtu," alisema. "Mzee, ulikuwa unatafuta nini nyumbani kwetu, wakati pikipiki mlikuwa nayo?"

Meja alitafuta pa kukaa, akakosa. Akabaki kaegemea mkongojo.

"Hatukuwa tunatafuta pikipiki," alisema. "Tulikuwa tunamtafuta yeye."

"Amefanya nini?" Bisibisi aliuliza.

"Aligongwa. Mkubwa wetu mmoja alikuwa amelewa, akamnyang'anya dereva usukani wa lori, akamkuta baba yenu barabarani, upande wake halali. Dereva alikufa palepale. Baba yenu alivunjika mkono wa kushoto na mbavu. Ajali ile ingejulikana, mkubwa angefungwa. Basi ikabidi ajali isiwepo. Na kama hakukuwa na ajali, pikipiki iko wapi, na tarishi yuko wapi? Wakasema katoroka nayo. Wakamficha kwenye chumba cha nyuma cha zahanati ya kambi, mlinzi mlangoni, mpaka waamue la kumfanya. Akatoka kupitia dirishani kabla hawajaamua."

"Na mkubwa huyo?"

"Alizikwa kwa mizinga. Nilikuwepo."

Kinyozi alipiga ngumi mlangoni mpaka bati zikalia. "Mimi nilitolewa mstarini! Mbele za watu! Niliitwa mtoto wa mtoro, na ninyi mnajua!" Akamgeukia mama. "Na wewe? Uliuliza damu. Ulikuwa unajua nini?"

Mama hakukimbia swali.

"Alikuja," alisema.

Bisibisi akamsogelea.

"Alfajiri moja. Ninyi mmelala. Niliposikia kubisha nilijua ni yeye, maana alikuwa akibisha mara moja, anangoja, halafu mara mbili. Nikainuka. Lakini ndani sikuwa peke yangu." Akamnyooshea Meja kidole. "Huyu alikuwa kaketi sebuleni kwangu na bastola mapajani. Walikuwa wanashinda na kulala pale kwa zamu, wanamngoja. Akaniuliza, nani huyo? Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: 'We mlevi, nenda zako! Kila siku unakosea mlango! Hapa hakuna mtu wako, na ukirudi tena nitakumwagia maji ya moto!'"

Akashusha kidole, akaendelea.

"Nikasikia hatua zinaondoka. Kulipokucha nikakuta matone ya damu kwenye kizingiti. Nikayafuta kwa nguo yangu kabla ya askari wa zamu nyingine kufika."

"Na sisi ukatuambia katukimbia," kinyozi alisema.

"Mlikuwa watoto. Mdomo wa mtoto hauna mlango. Mngesema baba alikuja, wangerudi kutuua sote. Baadaye mkakua, mkawa mmeshamchukia, na mimi sikujua niseme nini. Sikujua kama aliiba au hakuiba. Nilijua ni mume wangu, na nilijua nimemfukuza kwa matusi." Akawatazama wote wawili. "Hilo ndilo nililobaki nalo. Sijui kama alijua namwokoa, au aliondoka akiamini nimemkataa."

Hasira ilikuwa bado ipo usoni mwa kinyozi, ila haikuwa na pa kwenda.

"Alijua," Meja alisema.

Vichwa vitatu vikamgeukia.

"Nilijua si mlevi. Hakuna mlevi anayebisha kwa adabu vile. Nikakwambia natoka kujisaidia. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kaegemea ukuta, hawezi hata kusimama wima."

"Ulimpiga risasi!" kinyozi alifoka.

"Hapana."

"Ulimkamata!"

"Nilimvua sare, nikampa koti langu. Nilikuwa luteni wa karakana kabla ya kupangiwa kazi ile. Pikipiki ile niliipokea mimi, imekunjika. Nilijua ukweli wote." Meja alikuwa anazungumza na mama peke yake sasa. "Aliniomba nikufikishie maneno. Alisema: mwambie mke wangu nimemwelewa."

Mama alishika usukani wa pikipiki kwa mikono miwili. Bisibisi akamkimbilia, lakini mama akamzuia kwa kutikisa kichwa.

"Hayo tu?"

"Akasema atakusubiri. Ukipata nafasi uje na watoto, usibebe kitu. Akataja mahali."

"Na hukuniambia."

"Mke wangu alikuwa mjamzito. Niliogopa. Kila mwaka nikasema mwaka huu nitakwenda kumwambia, na kila mwaka ukawa umechelewa zaidi ya uliopita."

"Na jana?" Bisibisi aliuliza. "Uliiletaje pikipiki kwangu, halafu unanifokea nikiikwangua? Ulikuwa unajua mimi ni nani?"

"Nilijua. Nilitaka mjue, na mdomo ulikuwa umegoma. Nilipoona umeifikia namba, moyo ukaniruka, nikataka kuiondoa."

"Kwa nini sasa?" kinyozi alisema kwa uchungu. "Kwa nini si wakati tulipokuwa tunazomewa shuleni? Nani yupo kule leo wa kumfuata?"

Nje, mtu alipita akiburuta mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka yakaisha.

"Mwezi uliopita nilipita pale alipopataja," Meja alisema hatimaye. "Sikuwa na safari nyingine. Nilikwenda kuangalia tu. Kuna kijumba kando ya barabara, na barazani alikuwa kaketi mzee. Sikuthubutu kushuka garini. Sisemi ni yeye. Siwezi kuapa. Lakini alipoinuka kuingia ndani niliuona mkono wake wa kushoto. Umepinda."



Mama alichukua pochi yake. Alimtazama mwanawe wa kiume.

"Toka mlangoni," alisema. "Kafunge duka lako."

Akamtazama binti yake.

"Na wewe funga lako."

Kisha akatoka nje, akafungua mlango wa mbele wa pikapu, akapanda, akaketi wima kama mtu anayekwenda kanisani, na akavuta mlango kwa kishindo.

"Luteni," aliita kupitia dirishani. "Endesha."